Samaki Aliyebaki Mezani

Vijana wangu wa darasa la ushonaji pale Kisesa, juzi mliniuliza swali nikajifanya nimebanwa na kikohozi. Hamkukosea kuuliza. Mliiona mikeka yangu ya kuwekea sahani, mkamwona samaki niliyemtarizi kwa mishono iliyoachana, na mmoja wenu akasema kwa adabu zote, "Bibi, huyu samaki mbona kama ana njaa?" Mkacheka, nami nikacheka. Halafu akauliza kwa nini simjazi uzi mwili mzima, kama cherehani yenu ya kompyuta inavyojaza. Hapo ndipo kikohozi kiliponijia.

Leo nimevaa miwani, nawajibu. Jibu fupi ni hili: kwenye mkeka, kati ya tundu moja la sindano na tundu la pili, acheni nafasi ya punje ya mchele. Mkitaka kuishia hapo, ishieni, mtihani mtafaulu. Jibu refu lina mtu ndani yake, naye anaitwa Mama Modesta.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana wa Kihaya niliyeshuka melini kutoka Bukoba, nina cheti cha masista mkononi na maringo ya kuwatosha watu watatu. Masista walinifundisha kutarizi kwenye kitambaa. Kwenye kitambaa, kadiri unavyojaza ndivyo unavyosifiwa. Sista alikuwa akipitisha ukucha juu ya ua langu, na kama kitambaa kinachungulia katikati ya nyuzi, nafumua naanza upya. Nikatoka pale naamini kwamba kutarizi vizuri ni kujaza. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Banda letu lilikuwa Nyakato, Mwanza. Kuta za matofali, paa la bati, cherehani nane za miguu, na akina mama wa kila kabila la ziwani mnalolijua. Ulikuwa ushirika, kwa hiyo kila mtu alikuwa ndugu, hata yule uliyegombana naye asubuhi kwa sababu ya mkasi. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Kabula, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Alikuwa akiniita Ndugu Kokugonza hata anaponikaribisha uji. Wengine wote waliniita Koku.

Nilipanga chumba Mirongo, natembea kwenda kazini na kurudi. Msinionee huruma. Nilikuwa na miguu ya kutembea na ya kukanyaga cherehani kutwa, maana umeme wetu ulikuwa miguu yetu wenyewe. Ninyi mnabonyeza kitufe mnaenda kunywa chai, mashine inabaki inajitarizia. Nawaonea wivu, sitaki kuwadanganya. Lakini hamjui raha ya cherehani nane zikikanyagwa pamoja, mtu mmoja anaanzisha wimbo wa kanisani, na miguu yote inaufuata.

Washonaji tulikaa upande wa mlango. Wasukaji walikaa chini upande wa dirisha, na kiongozi wao alikuwa Mama Modesta, Mkerewe, mjane, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Ukindu wake ulikuja kwa meli kutoka Ukerewe. Mikindu ya kujiotea ipo tele kando ya ziwa, lakini ule wa Mama Modesta ulitoka kwenye mikindu aliyoipanda mama yake nyuma ya nyumba yao. Makuti yake yalikuwa marefu na laini, na yakichemshwa yanakuwa meupe kuliko ukindu wa mtu yeyote. Alikuwa akiyakata machanga kabla hayajafunguka, akayachana, akayachemsha, akayaanika. Kisha anasuka ukili mwembamba wa upana wa kidole, anaunga ukili kwa ukili mpaka anapata mkeka wa kutosha sahani moja. Ungedhani umepimwa kwa rula, na rula hatukuwa nayo, ilivunjika ikabaki nusu.

Siku yangu ya kwanza nilivunja sindano tatu kabla ya saa nne. Nilidhani nayajua mambo ya nyasi kwa sababu kwetu Bukoba tunatandaza nyasi sakafuni. Kumbe kutandaza ni kitu kingine. Nikauweka mkeka mkavu chini ya sindano, nikakanyaga, ukindu ukapasuka kwa mlio. Mama Modesta akainuka pale chini, akachukua kitambaa chenye maji, akaupangusa mkeka mbele na nyuma, akaukunja ndani ya gunia.

"Mkeka una kiu," akaniambia. "Upe maji kwanza, ndipo uuombe kazi."

Na mimi nawaambia hivyo hivyo, kwa sababu mashine yenu pamoja na akili zake zote haijui kama mkeka umekauka. Pangusa, usiloweke. Ukiloweka, siku ya tatu utakuta ukungu. Uache ndani ya gunia kwa muda wa kunywa kikombe cha uji, halafu ukunje pembe moja karibu na sikio. Ukisikia unalia, bado una kiu. Ukinyamaza, shona. Fremu ya kubania haishiki mkeka, kwa hiyo bana kitambaa chakavu kwenye fremu, ushikize mkeka juu yake kwa uzi wa mkono, teremsha meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa, kisha uongoze mwenyewe kwa viganja. Haya yote ni ya Mama Modesta, mtu ambaye cherehani yenyewe alikuwa haigusi. Alisema inauma.

Uzi ulikuwa wa kubahatisha. Kuna kipindi duka lilituletea kijani peke yake, makatoni kwa makatoni. Tukatarizi majani ya kijani, kuku wa kijani, mtumbwi wa kijani. Mama Kabula akatarizi jua la kijani akasema anayetaka jua la njano aende akalete uzi. Tuliishi hivyo miezi mingi na hakuna aliyelalamika sana, labda kwa sababu hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni.

Mchana Mama Modesta alitoa sato mkavu aliyeletewa kutoka kwao, mimi nikatoa ndizi nilizopika Mirongo alfajiri, tunakula sahani moja. Aliniita mwanangu. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya ziwa na barua zake zilikawia, kwa hiyo neno hilo nililimeza pamoja na chakula. Mpaka leo nikila ndizi peke yangu nakata nusu naiacha kidogo upande wa pili wa sahani. Wajukuu wananicheka.

Samaki mnayemwona kwenye mikeka yangu ni wake. Wangu wa kwanza, Mama Modesta alisema anafanana na kandambili. Akachukua kipande cha mkaa, akachora sato juu ya karatasi ya sukari, na mapezi yake ya mgongoni yaliyosimama, na mkia. Hakuwahi kusoma uchoraji popote. Alikuwa tu amewapara sato tangu utoto wake.

Sasa tuingie kwenye yenyewe.

Nyumba moja ya wageni ya serikali ikataka mikeka ya kutandika meza kwa ajili ya wageni waliokuwa wanakuja kutoka mbali. Mama Kabula alitangaza akiwa amesimama juu ya benchi. Akasema wageni wakiangalia meza wajue wapo Mwanza, na kwamba tukifanya vizuri tutapewa kazi za mikoa mingine. Akasema wasukaji wataongozwa na Ndugu Modesta, na kutarizi atatarizi Ndugu Kokugonza peke yake ili samaki wote wafanane. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Nilirudi Mirongo siku ile naona watu wote njiani wananipisha.

Ilikuwa kiangazi. Mama Modesta alikata makuti kwa haraka kuliko desturi yake, na alisema mwenyewe kwamba angependa kusubiri mvua kidogo. Mimi nikashona. Nikajaza. Mshono juu ya mshono, ubavu wa samaki ukawa mnene na wenye kung'aa, mapezi yakasimama. Mkeka ulikuwa na unyevu, laini, unapokea sindano bila kulalamika, na kila samaki alitoka mzuri kuliko mwenzake. Akina mama waliacha kazi zao kuja kuangalia. Mama Modesta akapitisha kiganja juu ya samaki mmoja, akasema, "Koku, huyu ukimtia majini ataondoka." Nyie vijana mmepewa vyeti na vikombe, lakini mimi sijapewa sifa iliyonifurahisha kama ile.

Siku ya chakula cha mchana tulipelekwa wawili kutandika meza, mimi na yeye. Tukaruhusiwa kusimama mlangoni pa jiko tuone. Sahani za moto zikawekwa, watu wakala, wakazungumza. Wahudumu wakaanza kuondoa vyombo. Mmoja akanyanyua mkeka, na samaki akabaki mezani.

Kwanza nilidhani ni ganda la kitu. Mkeka wa pili ukanyanyuliwa, samaki wa pili akabaki. Wa tatu. Uzi ulikuwa mzima, samaki mzima, mapezi na mkia wake, ametoka kwenye mkeka kama stempu inavyotoka kwenye karatasi. Mgeni mmoja akadhani ndiyo desturi ya Mwanza. Akamchukua wake, akapiga makofi kidogo, akamchomeka kwenye mfuko wa koti. Wengine wakamwiga. Wenyeji wakawa wanatabasamu kwa meno tu. Mama Modesta alikuwa ameokota mkeka mmoja na kuuinua, nami nikamwona uso wake kupitia tundu la samaki.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi ningecheka ingekuwa ni kwa mwingine.

Kikao kiliitwa kesho yake. Mama Kabula hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Mikeka ilirundikwa mezani, nusu yake ina matundu. Akasema kazi za mikoa mingine zimekwenda na maji, na kwamba hatafuti wa kumtundika, anataka tu kujua kosa ni la uzi au la ukindu ili lisijirudie. Akanigeukia mimi kwanza. Nilisimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, uzi wangu haujakatika hata mmoja."

Ni kweli tupu. Haukukatika. Ningeweza kuapa kwa kila kitabu.

Watu wote wakageukia dirishani. Mama Modesta alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Akauchukua mkeka mmoja, akakwaruza ukingo wa lile tundu kwa kidole.

"Basi ni ukindu wangu," akasema. "Niliukata vibaya. Au mikindu imezeeka."

Kesho yake alikuja kazini, akakaa mahali pake, lakini hakusuka. Akawa anafagia, anakunja nyuzi, anachota maji. Akina mama walimbembeleza. Alisema mikono inapumzika. Chakula tulikula sahani moja kama siku zote, ila alikuwa ananisogezea vipande vikubwa vya samaki, na mimi nilikuwa navirudisha upande wake.

Maana niliona kitu. Siku chache baada ya kikao niliinua mkeka mmoja mzima kwenye mwanga wa dirisha. Kuzunguka samaki kulikuwa na mstari wa matundu madogo madogo yaliyokaribiana mno, hayana ukindu wa kutosha katikati yake. Nikaokota kipande cha ukili wake, nikakipa maji, nikatoa uzi kwenye sindano kabisa, nikapitisha sindano tupu mbio mbio, karibu karibu, kama nilivyojaza samaki. Pembeni nikapitisha mstari mwingine kwa nafasi ya punje ya mchele. Nikakianika juu ya bati. Jioni nikakikunja. Mstari wa kwanza ukakatika mkononi mwangu. Wa pili ukashika, nikauvuta, ukashika.

Ukindu haukuwa na kosa lolote. Ukiwa na unyevu unavumilia, ukikauka unajikaza, na mimi nilikuwa nimeukata kwa sindano.

Mtauliza mbona sikusema. Mnadhani sijajiuliza? Kila asubuhi nilikiweka kile kipande kwenye kikapu, na kila jioni nilirudi nacho. Mama Kabula alikuwa amenitaja niende mafunzoni ili nirudi niwe msimamizi wa cherehani, na niliogopa. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Niliogopa pia macho ya Mama Modesta, kwamba akijua hataniita mwanangu tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Mwisho wa mwezi alituaga. Alisema anarudi Ukerewe kwa binti zake. Nilimsindikiza bandarini, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kipande kile kimo. Nilikuwa nimeazimia. Tukasimama kwenye mstari wa abiria, akanipa mkeka mmoja mdogo, akasema ni wa mwisho alioumaliza kabla ya mambo yale, hakuna samaki juu yake, niutarizi nitakapopenda. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Safari njema, mama. Nisalimie wote." Nikambebea mzigo mpaka kwenye ngazi.

Barua niliandika nyingi na kuzichana. Nilikwenda mafunzoni, nikarudi msimamizi, nikawafundisha wasichana wengi punje ya mchele, na wote walidhani nimeipata kwa akili zangu. Nilisifiwa kwa hilo mpaka ushirika wetu ulipokwisha, ikaja mikeka ya plastiki ya kufuta kwa kitambaa, banda likageuzwa ghala. Nikipita Nyakato huwa natazama upande mwingine wa barabara.

Nilikwenda Ukerewe nikiwa tayari nina mvi. Nilipanda meli asubuhi nikashuka Nansio, nikaulizia, nikapelekwa na mwanamke aliyenitazama sana usoni. Kumbe ni binti yake. Mama Modesta alikuwa amekaa kwenye kigoda uani. Macho yalikuwa yamekwisha, ile mikono mikubwa imelala mapajani. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Koku," akasema, kabla sijajitaja.

Nililia mpaka nikaona haya. Halafu nikamwambia yote, mfululizo, nisije nikapata nafasi ya kuogopa tena. Nikamwekea kile kipande cha ukili kiganjani. Akakipapasa kwa kidole gumba. Alipita mstari uliokatika, akapita ule ulioshika, akarudia tena na tena. Vidole vyake vilikuwa vinaona vizuri kuliko macho yangu.

"Ni ukindu wa mama huu," akasema.

"Ndiyo, mama. Haukuwa na kosa."

Binti yake alikuwa amesimama na birika la chai, hakumimina. Kisha Mama Modesta akainua uso kuelekea nyuma ya nyumba, na mimi nikatazama huko, nikaona shamba la mihogo.

"Niliing'oa yote," akasema. "Mikindu ya mama. Niliporudi tu. Niliogopa binti zangu wasije wakaisukia, wakaaibika mbele za watu kama mimi." Akapapasa tena kile kipande. "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema uongo. Alikuwa haoni uso wangu.

"Wiki ile ile, mama."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Hakunifukuza. Alimwambia binti amimine chai, akaniuliza kuhusu Mama Kabula, akaniuliza kama nilipata watoto. Chakula kilipokuja alipapasa sahani akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Lakini nilipoaga hakuniita mwanangu. Aliniita Kokugonza, jina langu lote. Mwaka uliofuata tulipata habari kwamba amezikwa.

Kwa hiyo huyo ndiye samaki wangu mwenye njaa. Kama mngemjaza, mngekuwa mmejaza kwa kutojua, na mimi ndiye niliyewaficha. Sasa mnajua.

Lipo na ombi lenu la pili. Mliuona mkeka mdogo ukutani kwangu, mkasema ni mzuri mno kukaa mtupu, mkaomba muupitishe kwenye mashine yenu mniwekee hata jina. Hapana. Kwa miaka yote hii sijapitisha sindano pale. Kiangazi kikiingia huwa naushusha, naukunja pembe karibu na sikio, nao unalia. Naupangusa mbele na nyuma, chumba kinajaa harufu ya ukindu, na kila mara nageuka upande wa dirisha kabla sijakumbuka kwamba hakuna mtu. Siku hizi mikono inanitetemeka, maji yanamwagika zaidi ya yanayotakiwa. Kama mnataka kunisaidia kazi, njooni Jumamosi mnipangusie. Kitambaa ninacho.